Andika wosia kabla hawajakufungia turubai: mwongozo wa hatua kwa hatua (Tanzania Bara)

Mzee wangu alikuwa dereva wa maroli, kapiga njia mpaka Lubumbashi na Kigali, mtu makini kweli kweli, gari haliondoki hajagonga matairi yote na nyundo. Ila alipofariki hatukukuta hata karatasi moja inayosema ana nini, anadaiwa na nani na yeye anamdai nani. Tulichokuta ni bahasha kubwa ya kaki, ile ya picha ya eksirei, chini ya godoro. Ndani kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano, risiti ya mabati, leseni tatu zilizoisha muda na karatasi ya mauziano ya kiwanja cha Mlandizi ambayo shahidi wa mzee mwenyewe alishafariki na wa muuzaji kaandika jina moja tu.

Siku ya tatu ya msiba akaja jamaa na daftari, anasema anamdai marehemu milioni tatu. Nani abishe? Tukachanga pale pale kwenye mkeka tukamlipa. Miezi sita baadae mdogo wangu akabahatisha namba ya siri ya simu ya mzee (ilikuwa namba za roli lake la kwanza), tukafungua meseji, kumbe milioni na nusu alishalipwa mwaka mmoja nyuma. Mwenyewe saa hizi hapokei simu.

Basi mimi ndo nilichaguliwa msimamizi wa mirathi, nimezunguka mahakamani, benki, ardhi na serikali ya mtaa miaka miwili na kidogo. Naandika hapa nilichojifunza ili mwenye mke, watoto, kiwanja na vijisenti vyake SACCOS aweze kujipanga, kwa sababu watu wanadhani wosia ni wa matajiri, wakati tajiri ana wakili wake na ana kampuni, anayeumia ni yule mwenye nyumba moja watoto watano. Na wale wa "kuandika wosia ni kujichuria", mzee wangu hakujichuria kabisa na bado tulimzika.

Hatua ya kwanza: nunua daftari

Usianze na wosia, anza na daftari la kaunta. Wosia mwingi unaharibika kwa sababu mtu anagawa vitu ambavyo hata yeye mwenyewe hana uhakika navyo. Kaa jioni moja andika kila kitu: nyumba na viwanja (kiko wapi, ulinunua kwa nani, lini, hati au karatasi ya mauziano iko wapi), mashamba ya kijijini, pikipiki au gari na kadi yake, akaunti za benki, laini za simu zenye hela, hisa za SACCOS, VICOBA, bima, mfuko wa jamii, mifugo, cherehani, friza la dukani. Usidharau kitu, kwenye ukoo wangu nimeona watu wazima wanavutana kwa ajili ya kitanda cha mninga.

Ukurasa wa pili andika madeni, na hapa ndo naomba uweke nguvu zote. Unayodaiwa na unayodai, kiasi, tarehe, na kila ukilipa kidogo andika pembeni na aliyepokea asaini. Deni la marehemu linalipwa kwanza kabla mrithi yeyote hajagusa kitu, iwe sheria ya serikali, ya mila au ya dini, kwahiyo mtu akija na deni la uongo anakula chakula cha wanao kabla hakijapakuliwa.

Ukurasa wa tatu ni majina. Hii hakuna aliyeniambia mapema na ilitusumbua kuliko kitu chochote. Hati inasoma majina mawili, kitambulisho cha NIDA kinasoma matatu, benki wameandika herufi tofauti katikati, cheti cha kifo nacho kimekuja na lake. Kila ofisi ukifika wanakuuliza "huyu ni yuleyule?" na inabidi uende kula kiapo, ulipie, urudi. Ukiwa hai unarekebisha mwenyewe kwa kiapo kimoja, ukishakufa watoto wanahangaika na kila karatasi peke yake. Toa vitambulisho vyako vyote mezani uvilinganishe leo.

Na ukiwa na kiwanja kisichopimwa, kaa na jirani zako wa mipaka yote na mwenyekiti wa mtaa mkaandikishane upya kama karatasi ya zamani ina kasoro. Mashahidi wanakufa, wanahama, na muuzaji naye ana watoto ambao siku moja watakuja kusema baba yao hakuuza.

Hatua ya pili: tenga chako na kisicho chako

Huwezi kumgawia mtu kitu ambacho si chako, inaonekana rahisi ila wanaume wengi tunajikwaa hapa. Nyumba mliyojenga na mkeo, hata kama hati ina jina lako tu, jasho lake limo. Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, sawa, lakini mjane akisimama mahakamani na hoja hiyohiyo anasikilizwa. Andika wazi kwenye wosia: "sehemu ya mke wangu kwenye nyumba hii ni yake, ninachogawa hapa ni sehemu yangu". Shamba la ukoo uliloachiwa ulime tu nalo liandike hivyo hivyo, kwamba ni la ukoo, usije ukawaachia watoto ugomvi na baba zao wakubwa.

Halafu mambo ya ndoa. Kama mnaishi tu miaka kumi hamna cheti, Sheria ya Ndoa ya 1971 ina kifungu cha 160 kinachosema mkiishi pamoja miaka miwili na kuendelea na watu wanawajua kama mke na mume, inachukuliwa ni ndoa mpaka mtu athibitishe sio. Ila uthibitisho huo unaenda kutafutwa siku wewe haupo, na dada zako ndo watakaoulizwa. Nendeni mkafunge na mkasajili, inaisha.

Na watoto wa nje. Jamani, wataje. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu mtoto kunyimwa haki ya kufaidi mali ya mzazi wake, na hata usipomtaja atakuja siku ya arobaini ameshikwa mkono na mama yake, watu wote wanatazama chini. Bora mkeo alie leo ukiwepo wa kumbembeleza.

Hatua ya tatu: jua utaangukia sheria ipi

Bara kuna njia tatu za mirathi na wosia unaandikwa kufuatana na mojawapo: ya kiserikali, ya kimila na ya Kiislamu. Mahakama inaangalia maisha ya marehemu, aliishi vipi, dini gani, aliacha kauli gani, kwahiyo kuandika wazi unataka ipi kunasaidia sana.

Ya kiserikali inatumika sana kwa Wakristo na kwa aliyeishi nje ya mila za kwao, na inakupa uhuru mkubwa wa kugawa. Bado inatokana na sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, tuliyoachiwa na mkoloni, cheka tu.

Ya kimila imeandikwa kwenye tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, na kule wosia unatambulika, wa mdomo na wa maandishi. Tatizo lake kubwa, usipoandika kitu, mgawanyo wa mila unamweka mtoto wa kike nyuma na mjane nyuma zaidi. Kwahiyo baba mwenye mabinti ndo anahitaji wosia kuliko mtu yeyote. Kuna kesi inasomwa vyuoni mpaka leo, ya Bukoba huko, Bi Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia, mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mtoto wa ndugu yake Bernardo Ephrahim akaenda kushtaki kwamba mwanamke wa Kihaya hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mila hiyo ni ya kibaguzi na mauzo yako sawasawa.

Ukitaka kumnyima mtoto urithi kimila lazima useme sababu kwenye wosia, na sababu zenyewe zimetajwa: amezini na mkeo, amejaribu kukuua, amekushambulia wewe au mama yake, au alikutelekeza ukiwa mgonjwa au una njaa bila sababu ya msingi. "Simpendi tabia zake" haimo.

Kwa Waislamu mafungu yameshapangwa. Unatoa gharama za maziko, madeni, kisha wasia, halafu kinachobaki ndo kinagawanywa. Chukua mfano kimebaki milioni 80, marehemu ana mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wazazi wake hawapo. Mke anachukua moja ya nane, milioni 10. Inabaki 70, mtoto wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja, jumla mafungu matano, kila fungu milioni 14. Wavulana 28 na 28, binti 14. Wazazi wakiwa hai kila mmoja ana moja ya sita, hesabu inabadilika.

Sasa wengi wakishasikia hivyo wanasema wasia wa nini tena kama kila kitu kimepangwa. Hapo ndo wanapopoteza. Una theluthi moja ya mali kumwusia mtu asiye mrithi. Mfano mkubwa ni wajukuu waliofiwa na baba: mwanao akitangulia kufa na una watoto wengine wa kiume hai, wale yatima hawapati fungu mbele ya ammi zao. Ukiwaandikia kwenye theluthi wanapata ada ya shule. Vilevile mtoto uliyemlea, au mzazi wako ambaye si Muislamu. Kumwongezea mrithi kwa wasia hairuhusiwi mpaka wenzake waridhie. Ukitaka kumpa mkeo nyumba, mpe hiba ukiwa mzima na umkabidhi kweli, sio kusema tu mdomoni huku hati umeikalia.

Hatua ya nne: andika sasa

Kwa mkono au kompyuta, vyote sawa, ila ukiandika kwa mkono tumia wino, penseli usiguse. Kiswahili kinatosha, hakuna anayetaka lugha ya mahakama. Uwe na tarehe, useme una akili timamu na hujalazimishwa, na ukurasa kila mmoja uusaini au uweke dole gumba. Sehemu ya juu inaweza kuwa hivi:

"Mimi (majina yote matatu kama yalivyo NIDA), mkazi wa (mtaa, kata, wilaya), nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, naandika wosia wangu leo tarehe (andika kwa tarakimu na kwa maneno). Wosia wowote nilioandika nyuma naufuta. Nataka mirathi yangu ifuate sheria ya (taja). Namteua (jina, uhusiano) kuwa msimamizi, na kama hayupo au hawezi, basi (jina la pili)."

Halafu taja mke na watoto wote kwa majina na miaka waliyozaliwa, kisha mali moja moja na anayepata. Usiandike "kiwanja nampa mwanangu mkubwa", andika kiwanja kipi, kiko wapi, kinapakana na nani, ukubwa gani, hati namba ngapi. Kwa watoto wadogo sema nani atawalea na nani atashika hela zao, si lazima awe mtu mmoja, na kwa maoni yangu ni bora wawe wawili, mwenye huruma alee na mwenye hesabu ashike hela.

Nyumba moja watoto watano nayo ifikirie vizuri. Ukiandika "nyumba yangu ni ya wanangu wote isiuzwe" unajisikia umeacha umoja, kumbe umewaacha watu wazima watano na wake zao kwenye korido moja, anayekaa halipi na asiyekaa anadai kodi. Sema mama yao akae mpaka mwisho wa maisha yake, baada ya hapo iuzwe wagawane, na anayetaka kuwanunua wenzake apewe nafasi ya kwanza.

Hatua ya tano: mashahidi

Wosia wa kiserikali unataka mashahidi wasiopungua wawili wanaokuona ukisaini na wao wanasaini mbele yako. Anayepewa kitu kwenye wosia asiwe shahidi, wala mume au mke wake, maana wosia unaweza ukasimama lakini zawadi yake ikaanguka. Kimila, wa maandishi kwa anayejua kusoma ni mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, asiyejua kusoma wanne, wawili kwa wawili, na wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Wa mdomo nao wanne, wawili wa ukoo wawili baki. Na kimila mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie.

Chagua watu wadogo kuliko wewe, wanaopatikana, wenye simu. Tunapenda kumwita mzee wa heshima wa miaka 80 aje ashuhudie, haya, wosia ukifunguliwa mzee yuko wapi? Andika namba zao za simu na wanapoishi chini ya saini. Na shahidi sio lazima ajue umemgawia nani nini, anashuhudia saini yako na akili yako, kwahiyo unaweza ukafunika kurasa za juu.

Kama unaumwa, mwombe daktari akuandikie kwamba una akili timamu, karatasi hiyo uibane na wosia. Wosia wa kitandani ndo unaopingwa sana.

Hatua ya sita: pa kuuweka

Sio chini ya godoro. RITA (wakala wa serikali wa usajili, wale wa vyeti vya kuzaliwa na vya kifo) wanaandika na kuhifadhi wosia, ulizia ofisi yao ya wilaya. Unaweza pia kumpa wakili, benki, au kiongozi wa dini unayemwamini. La muhimu watu wawili wa nyumba mbili tofauti wajue uko wapi, hata kama hawajui kilichomo. Wosia uliofichwa vizuri mno ni sawa na haupo.

Vitu ambavyo vinataka karatasi zao wenyewe

Mfuko wa jamii, iwe NSSF au PSSSF, wana taratibu zao za kulipa wategemezi, nenda ukahuishe taarifa za mke na watoto. Kuna mtu namjua fomu zake zilikuwa bado na jina la mchumba wa chuo. SACCOS na bima ya maisha wana sehemu ya kuandika mteule, ijaze. Benki ni tofauti, yule ndugu wa karibu uliyemwandika kwenye fomu sio mwenye hela, atadaiwa barua ya mahakama kama wengine. Hela za kwenye simu hivyo hivyo, na nyie mnaojua namba ya siri ya marehemu msianze kuchota usiku wa msiba, ni mali ya mirathi na itaulizwa.

Wosia unaruhusiwa kuubadilisha wakati wowote. Usikwangue wala kuongeza mistari pembeni, andika mpya na mashahidi wapya na uharibu wa zamani. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika wosia wa kiserikali, ule wa zamani unakufa wenyewe, watu wengi hawajui hili.

Kwa mtakaobaki

Wosia peke yake haufungui benki, bado mnaenda mahakamani msimamizi athibitishwe. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu inaanzia Mahakama ya Mwanzo, ya kiserikali inaenda juu yake, Dar kuna pia kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke. Mnapeleka cheti cha kifo, wosia kama upo, muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kikao kile andikeni mahudhurio na kila mtu asaini, maana shangazi mmoja akikasirika atasema hakuitwa. Tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi anakuja, asipokuja mtu mnapewa Fomu namba 4, yaani barua ya usimamizi, ndo hiyo mtaizungusha kila ofisi, toeni fotokopi nyingi na mzigonge muhuri kabisa.

Msimamizi sio mrithi mkuu wala sio baba mpya wa nyumba. Ni mtu wa kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kurudisha hesabu. Mahakama ya Mwanzo inataka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu namba 5 ndani ya miezi minne, halafu hesabu ya mgawanyo Fomu namba 6. Ngazi za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Mimi nilichelewesha namba 5 kwa ajili ya kile kiwanja cha Mlandizi, nikaitwa kujieleza, hakimu akaniuliza kwanini sikuandika tu kwamba kina mgogoro. Kweli bwana, kuna sehemu ya kuandika.

Wosia wangu uko kwa wakili, mke wangu na dada yangu wanajua. Daftari lipo kabatini, jana nimeandika humo kwamba fundi madirisha ananidai laki moja na ishirini.